Makaa Mdomoni, na Beseni la Habaswein

Mama mwenyekiti, dada zangu, mtanisamehe nikisoma kwenye daftari. Nikisema kwa kichwa nitajipendelea, najijua. Mtu wa darasa la saba kama mimi akisimama mbele ya watu anataka aonekane mwema, na mimi sikuwa mwema.

Mmeniita nitubu mambo mawili ndipo mnirudishe kwenye kikundi chetu cha kina mama wa kanisa. La kwanza ni uongo wangu. La pili ni kitabu. La kwanza nalitubu hata sasa. La pili sitalitubu, na nasema mapema ili anayetaka kutoka atoke. Naona hakuna anayetoka. Chai bado haijaletwa, naelewa.

Nilikuwa dobi wa shule moja ya bweni hapa Garissa. Tulikuwa wawili: mimi wa kutoka bara, na mwenzangu, mama wa Kisomali wa upande wa Habaswein. Sitamtaja jina. Tulifua pamoja miaka minne. Alikuwa akiniita walaal, yaani ndugu, na akinicheka ninavyokamua shuka. "Walaal, wewe nakamua ama nanyonga kuku?" Nami nilimcheka Kiswahili chake, maana herufi ya P ilimshinda kabisa. Pesa kwake ni besa. Pasi ni basi. Kumbukeni hilo la pasi.

Siku moja mchana, joto la hapa mnalijua, niliacha pasi ya makaa juu ya meza ya stoo ya nguo nikaenda kukaa kivulini. Nikasinzia. Stoo ikaungua. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini sare za wasichana na mapazia yote yalikwisha.

Mwalimu mkuu akatuita. Alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza tangu ahamishiwe hapa, kwa hiyo simlaumu. Akauliza, "Nani alikuwa na pasi?"

Mimi nikasema, "Mimi nilikuwa nje."

Mwenzangu akasema, "Basi? Basi si mimi!"

Alitaka kusema: pasi? Pasi si mimi. Lakini mwalimu alisikia vile ambavyo yeyote kati yetu angesikia: basi, si ni mimi. Ile "si" ya kukana akaisikia kama "si" ya ubishi, akasikia mtu anakubali kosa kwa jeuri. Akamfukuza saa hiyo hiyo, naye mwenzangu akarudi kwao Habaswein.

Ndugu zangu, nawaambia, katika ofisi ile mtu aliyejua ile basi ni basi gani alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alinyamaza. Mwaka mzima nilijiambia sikusema uongo. Kwani sikuwa nje? Nilikuwa nje. Nilimchoma mwenzangu kwa neno la kweli.

Baada ya hapo nilianza kuisha. Chakula kilikuwa hakipandi. Hapa kanisani mhubiri akitaja moto, mimi nanusa sare zikiungua. Nikaacha kuja. Nilikuwa nimeshajihukumu kwamba mimi ni wa jehanamu, hakuna rufaa. Na niwaambie siri ya hukumu ya namna hiyo: ina raha yake. Mtu aliyekwisha kupotea hana sababu ya kupanda basi kwenda Habaswein.

Ndipo shule ikatupa vitabu vya zamani jalalani. Nilichukua kimoja cha kuwashia jiko. Hakikuwa na jalada. Ukurasa wa mwanzo uliobaki ulisema ni hadithi za watu wa Ulaya wa miaka mia saba na zaidi iliyopita, zilizotiwa Kiswahili na wamisionari. Mtu anaugua, roho yake inachukuliwa na malaika, inatembezwa kuzimu, inaona adhabu za watu, kisha inarudishwa kusimulia. Sikukiwasha.

Mimi si msomi, sijui kama nimekielewa sawasawa. Nitasema tu kilichonishika. Katika mahubiri tunayosikia, dhambi ni gunia moja, wote ndani, wote motoni. Hao watu wa kale hawakuwa na haraka hiyo. Walizipanga dhambi kama dobi anavyopanga nguo, nyeupe huku, za rangi huku, yenye damu peke yake. Nikatafuta yangu. Nikaikuta! Waliodanganya kwa maneno ya kweli wamesimama na makaa midomoni. Kila mmoja akitaka kuyatema, anamwona mbele yake yule aliyemuumiza, anaona haya, anafumba mdomo tena.

Nilicheka kwa sauti. Mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita alinijua kuliko mnavyonijua ninyi, na mimi nafua vitambaa vyenu vya meza.

Mbele kidogo kuna mahali kitabu kinapaita toharani, pa kutakasia roho kabla ya kuingia mbinguni. Kuna mto, na kila roho inafua vazi lake yenyewe, huku inaimba. Msafiri anauliza, mbona mnaimba na mikono imechubuka? Wanamjibu: doa linapungua. Dada zangu, mimi ni dobi. Nililia. Lakini palikuwa na sharti: doa la uongo halitoki mpaka aliyeumizwa na uongo huo atie mkono kwenye maji.

Nikamwendea mama mwenyekiti, nikamwambia nasoma habari za toharani. Akashtuka. "Tohara? Mama, unafanya kazi penye wasichana halafu unasoma mambo ya tohara?" Nilipomweleza akasema ni afadhali ingekuwa hiyo, kitabu hicho ni ngano za kutisha watu, nikichome. Nisimsingizie: alinisema mara moja, faraghani, kwa upole. Na kuna jambo yuko sahihi. Kitabu si Neno la Mungu, tena kina chuki. Kuna ukurasa unaowatupa motoni watu wote wa dini nyingine, na humo wangekuwemo majirani zangu nusu ya Garissa. Ukurasa huo niliukataa. Mwenzangu anaswali mara tano kwa siku, na mwenye makaa mdomoni nilikuwa mimi.

Nikapanda basi. Nilimkuta Habaswein anauza chai pale malori yanaposimama. Hakunisalimia.

"Umekuja fanya nini?"

"Kusema."

"Sema."

Nikasema yote. Akamimina chai ya mteja, akarudi. "Mimi najua. Siku ile najua. Wewe najua basi yangu ni basi gani."

Nikaanza kumsimulia kitabu, mto, toharani, kama mjinga. Alipoangua kicheko niliogopa.

"Tohara? Hiyo ndiyo kitabu imekufundisha? Sisi tohara kila siku, mara tano, maji kwa mkono, maji kwa uso. Bila tohara hakuna swala." Akasukuma beseni la nguo za watoto kwa mguu. "Haya, fua."

Maji ya kule yana chumvi. Sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyochacha. Nilifua mpaka ngozi ya vidole ikafunguka. Halafu akaja, akatia mkono kwenye beseni, akatoa shati moja. Sijui kama alitia mkono kwa kunisamehe au kwa sababu mtoto alitaka shati. Kwenye daftari nimeandika yote mawili.

Akasema, "Nguo safi. Jina yangu bado iko Garissa, chafu."

Nikarudi. Niliomba kuingia kwenye mkutano wa walimu, nikaeleza kile kivuli, kile kimya, na ile basi. Mwalimu mkuu alijishika kichwa. Aliniachisha kazi, na alikuwa na haki. Kisha akaandika barua ya kumtaka radhi mwenzangu na kumwita arudi. Jibu lake lilikuja kwa dereva wa lori: harudi, jiko lake la chai linawaka vizuri kuliko basi ya shule.

Siku hizi nafua nyumba kwa nyumba. Nakula, nalala.

Namshukuru mwalimu mkuu kwa barua ile. Namshukuru mama mwenyekiti, aliyenipa nafasi hii akijua sitasema anachotaka. Namshukuru mwenye chai, ambaye hajasema amenisamehe na hana deni la kusema. Na yule mwandishi wa kale asiyejulikana, popote alipo, natumaini doa lake limepungua.

Fundisho langu ni dogo: anayekuonyesha ulipoanguka si lazima awe wa kanisa lako, wala wa karne yako.

Kitabu hiki hapa, nakiweka mezani. Makaa ya chai yako pale mlangoni. Mkikichoma na mtu akaja kuuliza nani alikuwepo, safari hii sitasema nilikuwa nje.