Bwana Washa na Sofa Iliyorudishwa

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawasihi kwa heshima zote: yaliyomo humu yasivuke mlango wa mkuu wa idara kabla ya Ijumaa. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio.

Ijumaa hiyo, tarehe thelathini Juni, anastaafu mkaguzi wetu wa mashirika ya umma, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Huko mashirikani wanamwita Bwana Washa. Mamlaka ya maji ilipomwonyesha jenereta lake jipya, hakuuliza risiti. Alisema tu, "Washa, mwanangu." Wakasema fundi kasafiri. Mzee akaomba kiti. Jua lilipokuwa kali, meneja mwenyewe akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na mto wa mlinzi na kuku anayeatamia.

Bodi nyingine ilijiandalia semina ya utawala bora hotelini. Mzee alikaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, akimsubiri mkufunzi. Mkufunzi hakuwapo. Ikabidi mwenyekiti afundishe mwenyewe mpaka tai ikalowa jasho. Mzee alimpongeza kwa somo zuri, kisha akaomba posho zirudishwe.

Wakimwambia shirika linajitegemea, hujibu kwamba mtoto aliyehamia kwake hapangiwi mboga, ila akikopa kwa jina la baba, baba atabisha hodi.

Sasa roho yangu iko mkononi. Mamlaka ile ile ya maji ilituletea sofa ya ngozi, eti zawadi ya kumuaga. Mkuu wa idara aliipokea kwa tabasamu, akaniagiza niifunge utepe. Niliufunga. Kisha nikamwaza mzee akiikalia mbele ya wageni na kuuliza nani kailipia. Jana nimeirudisha, na utepe wake. Mkuu hajui. Atajua Ijumaa, na mbele ya wageni mtu mzima hafoki.

Badala yake tutampa redio, kwa michango yetu wenyewe. Betri zimo. Tumeshaiwasha.

Mzee wetu, umetufundisha kubisha hodi hata kwenye milango ya wakubwa. Asante sana. Tunakutakia maisha mema, afya, na usingizi wa mchana usiokaguliwa na mtu.

Ambao hamjachanga, nipo masjala, nyuma ya kabati la mafaili. Msipige simu, mkuu huwahi kuipokea. Gongeni taratibu, mseme "Washa." Mkisikia kimya, msiondoke: nipo.