Tekla Margwe na Lori la Kwenda kwa Tembo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni na mlioko dukani, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Tekla Margwe wa Nangwa, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Wengi mlimjua kwa ukali wake. Hakupokea kitu kabla ya kuuliza kimetoka wapi na kwa nini. Mimi nilimpenda kwa hilo. Cha bure hata mimi hunitia wasiwasi.

Turudi enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Hanang ilikuwa ngano mpaka macho yanachoka. Mama Tekla na mumewe, Mzee Patriki, walikuwa na nyumba mpakani kabisa mwa shamba moja kubwa. Huku ua wao, kule trekta.

Mwaka mmoja, karibu na sikukuu ya Saba Saba, bwana mmoja wa shamba hilo akaja na habari tamu. Majirani wote wa mpakani watapelekwa kutembea kwenye hifadhi ya tembo, mbele ya Babati. Lori bure. Chakula bure. Waende nyumba nzima, baba, mama na watoto.

Watu wakashangilia. Mama Tekla akauliza, "Kwa nini sisi tu wa mpakani? Na kwa nini nyumba nzima iondoke?"

Bwana yule akacheka. Hakujibu. Narudia, wasikilizaji, hakujibu.

Muelewe kilichomsumbua mama huyu. Wakati watu wanahamishiwa vijijini, naye alipakiwa kwenye lori. Aliporudi kuiangalia nyumba yake ya zamani, alikuta paa limeezuliwa. Akaambiwa nyumba isiyofuka moshi haina mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Basi akapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba abaki mtu mmoja, moto uwake, moshi uonekane. Jirani yake, Sulle, alimcheka mbele za watu. "Mama Tekla, unaogopa tembo, sema tu!" Wengine walimkubalia shingo upande. Kwake alibaki Mzee Patriki. Kwa Sulle hakubaki hata kuku wa kuwika.

Siku ya safari Mama Tekla alipanda lori na jiwe lake la kusagia. Ndiyo, jiwe la kusagia! "Wakitutupa huko," alisema, "mimi nitasaga, nyie mtatafuna punje." Lori zima likaangua kicheko.

Bintiye, Bernadina, alikuwemo. Ananiambia hivi: "Tulikuta kundi limesimama njiani. Mbele alikuwa tembo jike, mzee. Akainua mkonga, akanusa upande wetu, na wenzake wote wakamngoja. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, huyu naye haamini mtu. Halafu akamwambia dereva, tumeshawaona, geuza lori."

Dereva hakugeuza. Walirudi jioni.

Hapa sikilizeni vizuri. Mchana ule, wao wakiwa kwa tembo, walikuja wapima ardhi na vigingi vyao. Penye moshi na mtu mlangoni, walizunguka. Kwa Sulle palikuwa kimya. Vigingi vikapita katikati ya ua wake, nyumba ikaangukia upande wa shamba. Mzee Patriki alikimbia kuwazuia. "Niliwaambia mwenyewe yupo, ametembea tu," anasema. "Wakashika jiko. Wakasema, hapa pamepoa."

Kabla juma halijaisha, trekta lilikuwa limeshalima uwanja wa Sulle. Alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Wakuu wa shamba walisema siku ya upimaji na siku ya matembezi ziligongana tu. Ziligongana! Hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa ilikuwa hila. Ushahidi sina hata mimi. Ila kuamini, siamini.

Fabiola, binti wa Sulle, anakumbuka jioni ile. "Baba alikaa chini kando ya kigingi. Tukamwona Mama Tekla anakuja. Mimi nikajificha, nikajua sasa baba atasemwa. Akasema tu, 'Sulle, walete watoto ndani, baridi inaingia.' Tuliingia. Mimi nilitoka mle siku ya harusi yangu. Na baba hakuwahi kuambiwa 'si nilikuonya', mpaka anakufa."

Mzee Patriki, shikamoo, na pole sana. Bernadina na ndugu zako, poleni. Poleni nyote wa Nangwa. Nasi tuliobaki tujipime. Kutilia mashaka wakubwa na zawadi zao, wengi tunaweza. Lakini yule aliyetucheka, akianguka, nani kati yetu atamfungulia mlango na kunyamaza?

Jumamosi pale kaburini, katekista aliwaita watoto wa marehemu watangulie kuweka udongo. Fabiola alibaki nyuma, kwenye kundi la majirani. Bernadina akarudi, akamshika mkono, akampa koleo aanze yeye.