Gorret Atuhaire, Mwalimu wa Bulgaria

Ndugu waombolezaji, mliotoka Uganda, Kenya na Tanzania, pamoja nanyi wenyeji wetu wa hapa Al Khoudh, Maskati, mliofunga nyumba zenu mkaja kuketi nasi, historia hii inasomwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha aliyofundishia marehemu, na anayeisoma ni Deogratius, mtoto wa mama yake mkubwa, mtunza ghala kule Rusayl, ambaye hajapata usingizi wa maana tangu Jumatatu ya tarehe 3, kwa hiyo akijikwaa katika maneno mumsamehe.

Wengi mmeuliza tangu mmefika kwa nini kaburi lililochimbwa kwa ajili ya leo halina wa kulala ndani yake, maana Jumatano mlitangaziwa kwamba marehemu mwenyewe alikataa kurudishwa kwao Kabale, na leo mnaambiwa mwili unasafiri. Jibu limo humu ndani, litafika mahali pake, na aliyekosea atajitaja mwenyewe, ila maisha ya mtu hayaanzi na maziko yake, kwa hiyo tuvumiliane kidogo.

Gorret Atuhaire alizaliwa Jumatano, tarehe 17 Aprili 1991, katika vilima vya Kitumba, wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Byaruhanga na Mama Kyomugisha, ambaye yuko hai na anatusikiliza sasa hivi kwa simu iliyowekwa hapo mbele, yeye na mjukuu wake. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, na sekondari kuanzia 2005 hadi 2008, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa jiografia, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, ukizaliwa mahali ambapo kila upande ni kilima, lazima utake kujua nyuma ya kilima kuna nini. Baba yake alipofariki mwaka 2009 masomo yakaishia hapo, akashuka Kampala, akajifunza cherehani, na kwa miaka minane alishona sare za shule za watoto wa watu.

Tarehe 14 Januari 2012 alifunga ndoa na Bwana Kayondo, fundi wa mabomba, na tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Nanyonga. Mwaka 2016 ndoa ilifika mwisho, kila mmoja akashika njia yake bila matusi, na Gorret mwenyewe hakupenda liongezwe neno, basi haliongezwi. Nanyonga alipelekwa Kitumba kwa bibi yake, na mama mtu, tarehe 9 Februari 2018, akatua Maskati na begi moja na namba ya simu ya Deogratius iliyoandikwa ndani ya kiganja, nusu imefutika kwa jasho.

Alifanya kazi za ndani miaka miwili katika nyumba moja ya Hail, mtaa wa pwani, na bahari yenyewe aliiona mara tatu. Machi 2020 alihamia Al Khoudh kwa Bi Mazoon, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Unguja, ambaye siku ya kwanza alimwambia, "Hapa tunasema Kiswahili, na miye nnapenda mtu anayenijibu, sitaki wa kuinamisha kichwa tu." Maneno hayo tuyaweke akilini. Wakakaa pamoja miaka mitano na nusu, wakigombana kuhusu chumvi, wakipatana kuhusu kila kitu kingine.

Sasa tuingie Bulgaria, maana bila Bulgaria historia hii haisomeki.

Mapema mwaka huu zilifika habari kwamba kiwanda cha nguo katika mji wa Plovdiv kinatafuta mafundi cherehani, kwamba wahojaji watakuja Maskati tarehe 25 Novemba, na kwamba watawauliza watu kuhusu nchi yenyewe, milima yake, watu wake na serikali yake. Nani alisema wataulizwa hayo, mpaka leo hatujui, lakini ninyi mnatujua, neno likishapita vyumba vitatu limeshakuwa sheria. Wengine wetu tuliguna tu, lakini Gorret aliuliza jambo moja, likizo ikoje, akaambiwa kule mfanyakazi anakwenda kwao kila mwaka, siyo kila baada ya miaka miwili kama hapa, akasema basi, hiyo ndiyo nchi. Hilo pia tuliweke akilini, hasa wale waliokuwa wakinong'ona juzi uani kwamba Ulaya ilikuwa imemlewesha hata akasahau mtoto. Jamani! Alikuwa anakwenda mbali zaidi ili arudi nyumbani mara nyingi zaidi, hesabu yenyewe ni hiyo, na walionong'ona wanajijua.

Ikatokea kwamba marehemu Mzee Thabit, mume wa Bi Mazoon, alisoma uhandisi Sofia, mji mkuu wa huko, ujanani mwake, na katika sanduku lake lilibaki ramani ya Bulgaria, kubwa kama shuka, imepasuka mikunjoni. Bi Mazoon akaitoa, Gorret akaishona nyuma kwa kitambaa cha pazia, na Ijumaa ya tarehe 7 Februari, baada ya misa, akaitundika katika chumba kile cha nyuma ya ukumbi huu, mbele ya wanafunzi kumi na tisa, kumi na nane wakiwa wanawake wa kazi za nyumbani na mmoja akiwa Deogratius, ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini alikuwa amechoka na ghala.

Alitufundisha kwamba kaskazini nchi hiyo inapakana na Romania, na mpaka mwingi ni mto Danube, kusini kuna Ugiriki na Uturuki, mashariki Bahari Nyeusi, na upande wa magharibi ramani ya mzee ilionyesha Yugoslavia, ambayo haipo tena, kwa hiyo alichukua kalamu akaandika Serbia na Masedonia Kaskazini kwa mkono wake, akasema nchi nazo hufa, sembuse sisi. Alitufundisha milima ya Balkani inayoipasua nchi katikati, na kilele cha Musala, na bonde la Kazanlak ambako watu huamka mapema kuchuma mawaridi kabla jua halijanyonya harufu, na Bi Mazoon, aliyekuja siku hiyo kusikiliza, akasema hao basi ni ndugu zake watu wa Jabal Akhdhar, milimani huku Omani, nao huchuma vivyo hivyo. Alitufundisha kwamba wengi wao ni Wakristo wa Orthodoksi, lakini wapo Waturuki na Waislamu wa miaka mingi, kwamba rais huchaguliwa kwa miaka mitano lakini mwendeshaji wa serikali ni waziri mkuu, kwamba bunge lina wabunge mia mbili na arobaini, na kwamba kwa miaka michache hii wananchi wameitwa kupiga kura mara nyingi mno, serikali haikai, mpaka wapiga kura wenyewe wamechoka. Nalule, rafiki yake na katibu wa darasa, aliuliza mbona vijana wa huko wanaihama nchi na vijiji vinabaki na wazee, sisi tunakimbilia nini? Gorret akajibu, "Basi vyumba vitakuwepo," na darasa zima likacheka.

Lakini somo aliloling'ang'ania ni la kichwa. Bi Mazoon alimweleza kwamba Wabulgaria, wakikubali, hutikisa kichwa kushoto na kulia, na wakikataa, hukiinua na kukishusha, kinyume chetu kabisa, na kwamba Mzee Thabit alirudi na tabia hiyo hadi siku anafariki. Gorret akaona hapo ndipo watu watakapoanguka kwenye usaili, akaweka sheria, darasani ni kichwa cha Bulgaria tu, na atakayesahau ataosha vikombe vya chai vya wote. Deogratius aliviosha Ijumaa nne. Yeye mwenyewe Gorret alikwenda mbali zaidi, kuanzia Agosti hakubadilisha tena, nyumbani kwa Bi Mazoon, sokoni, kwenye basi, kwa sababu alisema kichwa hakiwezi kukaa nchi mbili, na kufikia Oktoba ulikuwa ukimuuliza kama ameshakula anatikisa kichwa kushoto na kulia huku anajifuta mdomo.

Maumivu ya kichwa yalimwanza Septemba, akameza panadoli, akasema ni herufi za Kibulgaria. Bi Mazoon alipoondoka tarehe 28 Oktoba kwenda Umra, alimwacha akiwa mzima, akipiga pasi. Jumatatu, tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, alianguka jikoni, na Hisham, mtoto wa Bi Mazoon, alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari na kumfikisha hospitali, ambako madaktari walisema mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Alizinduka siku ya tatu, anasikia, anaelewa, ila sauti haipo na mikono haipo, kilichobaki kwake ni macho na shingo.

Jumamosi, tarehe 8, saa kumi jioni, daktari alituambia kwa upole kwamba kama kuna la kumuuliza tumuulize sasa. Waliokuwepo ni Nalule na Deogratius. Nalule alimuuliza kama anataka maji, akatikisa kichwa kushoto na kulia, Nalule akaondoa kikombe, na macho ya Gorret yakakifuata kikombe mpaka mezani. Deogratius aliyaona macho hayo. Aliyaona, na hakufikiri. Akamuuliza kama ampigie simu mama na Nanyonga wamwone, akatikisa kichwa, na Deogratius akairudisha simu mfukoni. Akamuuliza lile zito, kwamba Mungu akimwita, wamrudishe Kitumba akalale karibu na baba, akatikisa kichwa kwa nguvu, mara mbili, akapumzika. Akamuuliza, basi tukulaze hapahapa Maskati? Kichwa kikapanda na kushuka, taratibu, na machozi yakamtoka. Nalule akayafuta, wakasema masikini, hataki kutusumbua.

Gorret Atuhaire alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Siku hiyohiyo Deogratius alisaini karatasi za maziko ya hapa, kisha akapiga simu Kitumba akamwambia Mama Kyomugisha kwamba mwanaye mwenyewe alikataa kurudi, na mama akasema "sawa", neno hilo moja tu, akakata simu. Kabla haijakatika, kwa nyuma ilisikika sauti ya Nanyonga ikiuliza, alikataa kwa nini?

Jana Alhamisi Bi Mazoon alirejea, akafika msibani na vazi la safari mwilini, akaeleza jinsi atakavyomkumbuka, akauliza mambo ya mwisho, akasimuliwa. Akamwambia Deogratius, "Hebu nioneshe, mwanangu, alivyofanya." Deogratius akaonyesha, na kabla hajamaliza mara ya pili, akakaa chini, hapo sakafuni, kwa sababu shingo yake mwenyewe ilikuwa imekumbuka vikombe. Bi Mazoon hakumgombeza. Alisema tu, "Nnakijua kichwa hicho, nimekipikia miaka arubaini. Huyo alikuwa anakwambieni ndiyo."

Kwa hiyo alitaka maji. Alitaka kumwona mama yake na mtoto wake, na simu ilikuwepo, imejaa chaji, mfukoni. Wanafunzi kumi na tisa aliwafundisha miezi tisa, na wawili kati yao walisimama kando ya kitanda chake wakasahau Bulgaria yote. Deogratius alikuwa amechoka, lakini uchovu siyo sababu, wote tumechoka hapa, naye kosa lake halifichi, na hatalisahau mpaka naye aulizwe maswali yake ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuwa na namna ya kujua. Tunamshukuru Hisham, majirani wa Al Khoudh walioleta chakula bila kuulizwa, wenzetu wa Rusayl waliobeba zamu za Deogratius, wachimbaji wa kaburi walioambiwa jana jioni kwamba halihitajiki na hawakunung'unika, na Bi Mazoon, aliyezunguka na karatasi ofisi mbili tangu jana akiwa bado hajafungua mizigo yake. Mwili utaondoka Jumatano, tarehe 19 Novemba, na maziko yatakuwa Kitumba, Jumamosi ya tarehe 22, pembeni mwa Mzee Byaruhanga. Ramani itakwenda naye, Nalule ameshaikunja.

Na sasa Mama, na wewe Nanyonga, mnaosikiliza hapo kwenye simu, historia hii imeandikwa kwa ajili yenu kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya ukumbi huu. Mliambiwa uongo na mtu anayewapenda. Mama yako hakukataa, Nanyonga. Aliulizwa kama anataka kukuona, akasema ndiyo. Aliulizwa kama anataka kurudi nyumbani, akasema ndiyo, kwa nguvu, mara mbili.

Haya, Gorret, mwalimu wetu, tumekuelewa, ijapokuwa tumechelewa. Nenda kwenu, ukapumzike kwa amani.