Kibanda cha Bi Wiebke Kina Polisi wa Aina Mbili

Mgeni rasmi, Mkuu wa Kanda wa Polisi wa Shirikisho, Bi Adelheid Rauch,

MAKARIBISHO
Sisi wafanyabiashara na abiria wa kituo cha reli cha Lüdenbrook tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kahawa hii imetoka nyumbani kwa mtu, maana kibanda kimefungwa. Tutaeleza.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Kazi zenu tunazijua: mipaka, viwanja vya ndege, reli. Mpangilio wenu nao, kuanzia makao makuu hadi kanda, wilaya na kituo kidogo, tunao kichwani, kwani tunasomewa wote kila tunapopiga simu. Mwaka jana mlikamata sigara za magendo kwenye treni ya asubuhi, nasi tukawapigia makofi ya dhati.

CHANGAMOTO
Ndani ya kituo ni kwenu. Uwanja wa nje ni wa polisi wa jimbo. Kibanda cha magazeti na mikate cha Bi Wiebke Tiedjens kina mlango ndani na dirisha nje. Kwa miaka thelathini na moja hilo halikumsumbua mtu, mpaka Februari, jamaa mmoja alipompiga kwa chupa kupitia dirishani.

Bi Wiebke akawapigia ninyi simu.

"Mama, mkono uliokupiga ulitokea wapi?"

"Dirishani, mwanangu."

"Basi hiyo ni kesi ya jimbo."

Wa jimbo nao: "Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Ndani! Si dukani kwangu?"

"Aa, mama, hiyo ni ya shirikisho."

Jamaa amerudi mara mbili. Siku hizi hata hakimbii, anaondoka akitembea. Wiki iliyopita alimvunja kifundo cha mkono. Mgeni rasmi, tumechoka, tena tumechoka kweli! Jumamosi Bi Wiebke anarudisha funguo za kibanda, na hana mpango wa kuzichukua tena.

OMBI
Hatuombi sheria mpya wala kamati. Kamati ilishakuja, ikapima kibanda kwa futikamba, ikanywa kahawa yake, ikaenda zake. Tunaomba askari mmoja mwenye kalamu.

Bi Wiebke huyu hapa mstari wa mbele, mkono umefungwa bandeji. Kiti chake tumekiweka hatua nne ndani ya mlango wa kituo, na tumezihesabu wenyewe. Hapo alipo ni kwenu, hakuna ubishi. Tafadhali, aandikiwe maelezo yake kabla hajainuka.

Mungu akufikishe salama, na ukipatwa na lolote njiani, likupate upande wenye mwenyewe.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyabiashara na Abiria, Kituo cha Lüdenbrook
(Imesomwa na Detlev Brunkhorst, muuza maua)