Mwalimu Aliyesimama Kungoja Jibu

Ndugu waombolezaji, na hasa ninyi wanafunzi wa Kidato cha Pili mlioketi nyuma karibu na lango, marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1983, kitinda mimba wa fundi cherehani, na mama yao alipofariki alilelewa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeandika historia hii.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1997, sekondari 2003, chuo cha ualimu Novemba 2006, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha Hisabati katika shule moja tu hadi mwisho wake. Tarehe 12 Desemba 2009 alimwoa mfamasia, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021, alipoona wanafunzi wanasinzia darasani lakini kwenye michezo ya simu macho makavu, aliwafuata huko huko, akawafundisha ndani ya mchezo wa kujenga kwa matofali, kila mmoja na kikaragosi chake, cha kwake kikiwa na kofia nyekundu, na akishatoa swali kilisimama kimya, hakisogei hata hatua hadi jibu lipatikane. Wazazi waliandika barua ya kumpinga, dada yake, naye mzazi shuleni hapo, akiwa wa tatu kutia saini, naye alipoiona alicheka tu, akasema, "Dada, wewe simu unaiogopa kuliko nyoka."

Septemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara tatu, ya mwisho tarehe 6 Mei 2024, na kwa ruhusa ya daktari akafundisha nusu saa kila siku akiwa kitandani. Alhamisi tarehe 16 Mei, saa kumi jioni, aliwauliza ninyi tangi lenye urefu wa matofali kumi na mawili, upana matano na kina manne linajazwa na mangapi, kisha kofia nyekundu ikasimama. Mkajaza, haikusogea, mkabomoa, mkajaza tena, mara tano, mkiogopa mmekosea, na dada yake, kando ya kitanda, alimwona ameinamia simu, akangoja, kwa kuwa alishamzoea, hadi muuguzi alipokuja kupima presha.

Tangu hapo hamjaingia mchezoni, maana kofia ingali imesimama pale, na mmoja wenu amemuuliza dada wa marehemu kama ni jibu baya lililomuua mwalimu. Dada huyo, ambaye usingizi umemkimbia kwa hofu ya namna hiyo hiyo, kwamba alingoja mno, ameifungua simu ya marehemu, akapiga hesabu kwa penseli, akarudia, ni mia mbili na arobaini, na jibu lenu la kwanza, mlilomwandikia kabla ya kubomoa, bado lipo humo, ni hilo hilo. Daktari anasema moyo ulikuwa umeshasimama kabla ya jibu hilo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na maji bila kuombwa, na walimu waliopokea vipindi vyake. Jumatatu saa kumi dada yake ataingia mchezoni wa kwanza, akishikwa mkono na binti wa marehemu, kwa sababu hata kutembea humo hajui, na anaogopa, basi mumfuate.

Pumzika kwa amani, mwalimu, jibu limepatikana.