Mlango Ambao Mashauri Hakuufunga

Mgeni rasmi, Bwana Afisa Ushirika,

KUKUKARIBISHA
Karibu Magomeni, hapa Kilosa. Umekuja kutuzindulia mtambo unaounganisha ofisi hii na ghala letu la Mikumi. Lakini tukikuvisha shada bila kukueleza yaliyotokea, tutakuwa tumekuvisha na uongo wetu.

TULIKOTOKA
Zamani mkulima wa Vidunda akipima ufuta Mikumi, alingoja karatasi zake zifike Kilosa kwa basi. Leo majina na vipimo vimo ndani ya seva, kompyuta iliyoko chumba cha nyuma, na Joyce, karani wetu wa Mikumi, huvisoma kulekule aliko.

MAFANIKIO
Ni hilo tu. Mengine yangekuwa ya kupamba.

YALIYOTUPATA
Katikati ya msimu Joyce akaanza kukataliwa na seva. Mtandao ulikuwepo, nywila ilikuwa sahihi, seva ilikuwa inawaka. Wakulima wakabaki wamekalia magunia yao. Mwenyekiti wetu, Mzee Evarist, akampigia simu fundi Ashrafu wa Morogoro.

"Shikamoo mzee. Nimeshaona. Mlango umefungwa hapo Kilosa."

"Marahaba. Nani kaufunga?"

"Mlinzi, mzee. Hawatambui watu wa Mikumi."

Mzee Evarist hakuuliza la pili. Aliyejisomesha ukubwani huona haya kuonekana hajui. Akatoka hadi kwa Mashauri, mlinzi wetu, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa.

"Kumbe ni wewe! Ofisi unaifunga kama zizi?"

Tukacheka, mgeni rasmi. Sote.

"Baba, funguo si unazo wewe?" Mashauri akauliza.

Mmoja wetu akasema, "Wafugaji ndivyo walivyo," na hakuna aliyemkanya. Mashauri akavua koti la ulinzi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaenda zake.

Tukauacha mlango wazi kutwa. Joyce akaendelea kukataliwa.

Ndipo Ashrafu akaja mwenyewe. Kumbe mlango ni njia ya kuingilia ndani ya seva, na mlinzi ni programu inayochuja wanaoingia. Akabonyeza vitufe, Mikumi wakaingia. Mlango wa mbao wakati huo tulikuwa tumeufunga kwa sababu ya vumbi.

CHANGAMOTO
Mzee Evarist alikwenda Kimamba kwa Mashauri, akaishia kwenye uzio. Alituambia hakumkuta. Baadaye akasema kweli: alimsikia akikohoa ndani, akageuka bila kubisha hodi.

MAOMBI
Hatuombi kompyuta wala bati. Kwetu mkosaji haendi kuomba radhi bila kutanguliza mtu wa heshima. Tunakuomba, ukishakata utepe, uongozane nasi hadi Kimamba. Koti tumelifua, tumelipiga pasi, tumekuja nalo. Hatukutwishi maneno yetu. Wewe tubishie hodi tu. Akifungua, tutasema wenyewe.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na sisi atupe ulimi wa kuuliza kabla ya ulimi wa kucheka.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Ufuta Tuinuane,
Kilosa na Mikumi.