Mama Tope, Aliyeugeuza Moshi Kuwa Dari

Ninyi nyote mliofika kumsindikiza marehemu, mliokaa na mliokosa pa kukaa, familia imemwachia mdogo wake wa mwisho, huyu anayesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, kwa kuwa ndiye aliyebebwa mno mgongoni na marehemu, na leo ni zamu yake kumbeba, japo kwa maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji, na wakubwa wake husema alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kuuliza, kwa nini chokaa ikimwagiwa maji inachemka bila moto, kwa nini mfuniko wa sufuria unatoka jasho, hadi mama akawa anamwambia, "Mwanangu, kamuulize baba yako," na baba naye anasema, "Kamuulize mwalimu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako aliingia maabara kwa mara ya kwanza na, kwa maneno yake mwenyewe, hakutoka tena, kisha akasoma kemia chuo kikuu na kuhitimu mwaka 1975, na Machi mwaka uliofuata akaajiriwa katika kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe.

Hapo ndipo alipokutana na fundi wa mitambo, kijana mrefu mwenye mikono ya grisi na ulimi wa asali, wakafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa binti mwaka 1981, ambaye leo ni mkunga, na mwana mwaka 1984, ambaye ni mwalimu, na nyumba yao ilikuwa ya vicheko, hasa baada ya marehemu kukabidhiwa, mwaka 1988, mnara mpya wa kuoshea moshi, maana jioni hiyo mumewe alimuuliza, "Mke wangu, wewe unaosha moshi, mimi nafua umeme, sasa nguo nani atazifua?" naye akamjibu bila kuinua macho, "Kila mtu zake."

Mnara huo uliunyunyizia moshi maji ya chokaa ili kunasa salfa kabla haijatoka kwenye dohani, na wanaoikumbuka miaka ya nyuma wanajua ulikuwa neema kiasi gani, kwani salfa ile ilitoboa mabati, ikaunguza majani ya mboga, ikawafanya watoto wa mtaa wa chini, bondeni mwa kituo, wakohoe mwaka mzima, lakini marehemu hakushangilia sana, alisema kitu hakipotei, kinahama tu, na kweli salfa ilikuwa imehamia kwenye tope la kijivu lililosukumwa kwa bomba hadi bwawani, juu kidogo ya mtaa uleule, tope ambalo juu liliganda kama uji uliopoa na ndani likabaki majimaji, miaka nenda miaka rudi.

Kufikia mwaka 1995 bwawa lilikuwa limejaa, ukingo ukaanza kuvuja, na meneja wa kituo, mtu mwema aliyebanwa kila upande, akatangaza kwamba litachimbwa bwawa la pili palipo na mtaa wa chini, na wakazi wote watahamishwa, ndipo marehemu aliposimama katika kikao na kusema, "Hili si tope, ni jasi ambayo haijaiva," yaani lile jiwe jeupe laini ambalo watu hulichimba ardhini, wakalisaga, wakatengenezea plasta na mbao za dari, meneja akamwambia, "Mama, tope ni tope," watu wakacheka, na jina la Mama Tope likazaliwa siku hiyo, lakini kabla kikao hakijafungwa meneja aliongeza, "Haya, nakupa hadi mvua zipite."

Hakudai kamwe kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani, alikuwa amesoma kwamba kwingine limewezekana, ila makaa yao hayakuwa haya na chokaa yao haikuwa hii, kwa hiyo vibao vya dari alivyovitengeneza mwanzo kwa tope lile vilimeguka kama biskuti, kimoja kikaanguka kutoka dari ya kantini katikati ya chakula cha mchana, hakikumwumiza mtu ila kilimaliza hamu ya wengi, naye akaokota vipande, akavipeleka maabara, akagundua kwamba majivu yalikuwa yakiingia pamoja na moshi na kuharibu mchanganyiko, akaomba yanaswe kwanza kabla moshi haujaoshwa, na bado tope likakataa kukauka.

Kilichobaki cha kuliivisha kilikuwa hewa, hewa ya kawaida tu hii tunayovuta, akamwomba mumewe apitishe mpira wa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, hadi chini ya pipa lililojaa tope, wakalipulizia kutwa nzima, na kesho yake walipolifungua wakakuta maji meupe yamepanda juu na chini kumetulia mchanga unaometameta, chembechembe kama za sukari, marehemu akauchota, akaukamua, akaupasha moto hadi ukawa unga, akaukoroga na maji katika bakuli la supu, kisha akamwita mumewe na meneja wake.

"Shikeni," akawaambia.

"Mbona lina moto?" meneja akauliza. "Umelipasha saa ngapi?"

"Sikulipasha. Linajipasha lenyewe, tope linarudi kuwa jiwe."

Bakuli likapita mkono kwa mkono, uji ukigeuka mwamba mbele ya macho yao, na meneja akavua kofia yake ya kazi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema polepole, "Jamani, huu ulikuwa moshi."

Bwawa la pili halikuchimbwa, tope jipya likawa linapuliziwa hewa ndani ya mnara wenyewe, na mwaka 1998 kiwanda cha mbao za dari kikafunguliwa ubavuni mwa kituo, na dari ya kwanza ikapigwa katika shule ya mtaa wa chini, ambako mafundi walimkuta marehemu amelala chali sakafuni, akiwa na gauni lake la kazini, akitazama juu, akawaambia wasimwamshe kwani hakuwa usingizini, "Hii tuliivuta kifuani," akasema, "leo inawakinga watoto jua," lakini bwawa la zamani lilimshinda, lilifunikwa udongo likapandwa nyasi, na kila akilipita alinuna.

Alistaafu mwaka 2011, akampoteza mumewe mwaka 2014, na mwaka 2019 figo zake zikaanza kuchoka, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, ambayo aliitazama kwa mshangao uleule wa utotoni, akamwambia muuguzi, "Sasa ni zamu yangu ya kuoshwa," kisha akamuuliza uchafu wake unapelekwa wapi, na muuguzi alipojibu, "Mama, ule hauna kazi," yeye akacheka na kusema, "Hamjautazama vizuri," na hivyo ndivyo alivyokuwa hadi asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, alipotutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na maswali yake, wafanyakazi wenzake wa kituo na wa kiwanda, majirani waliopika na kulala nasi, na kwa namna ya pekee ninyi wa mtaa wa chini, mliofunga maduka yenu na kuja kwa miguu, wazee, vijana na watoto mliozaliwa kulekule, ambao mkitoka hapa mtarudi katika nyumba zilezile, mtaa uleule, na usiku mtalala.

Nawe, dada, lala pamoja nao, pumzika kwa amani.